Kabla ya Kukamata Hewa: Taka, Mwani na Utafiti wa Uzamivu Migori na Homa Bay

Karibu na mji wa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano. Wajaluo huliita Simbi Nyaima, na husimulia habari za bibi kikongwe aliyefika kijijini usiku wa karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa, na kijiji kizima kikazama chini ya maji. Maji yenyewe ni ya magadi, yana kijani kizito, na heroe hushuka humo kula kile kinachoyapa rangi: spirulina. Katika miaka ya 1970 Mmarekani John Melack, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa akichunguza jinsi mwani unavyokua katika maziwa ya ikweta ya Afrika. Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1976, na mwaka 1979 akachapisha makala kuhusu spirulina wa Simbi katika jarida la Limnology and Oceanography. Alichokuwa anapima ni kasi ambayo kiumbe asiyeonekana kwa macho hutumia jua kuchukua kaboni iliyoyeyuka majini na kuigeuza kuwa mwili wake, ambao zaidi ya nusu yake ukikauka ni protini.

Wakati ule lilikuwa swali la elimu ya maziwa. Leo limekuwa swali la viwanda. Katika vyuo vikuu vya Ulaya, Asia na Marekani, na sasa Afrika Mashariki pia, wanafunzi wa uzamivu wanaandika tasnifu kuhusu namna ya kutumia bakteria, mwani, chachu na wadudu kugeuza taka na hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kuwa mafuta, chakula cha mifugo, mbolea na hata plastiki. Migori na Homa Bay zina malighafi nyingi zinazotajwa katika tasnifu hizo: makapi ya miwa na molasi za Awendo na Ndhiwa, matumbo ya samaki kwenye fuo za Mbita na Sindo, gugu maji katika Ghuba ya Winam, samadi kila boma. Zina pia wataalamu karibu. Ninachoona ni kwamba maswali yanaulizwa kinyumenyume. Tunavutwa na hewa iliyo angani, iliyo ngumu na ghali kuliko zote, ilhali kaboni iliyo rahisi inatiririka mtoni au inatoka kwenye bomba la kiwanda ikiwa safi na hakuna aliyeweka hata ndoo ya kuikinga.

Tuanze na jambo ambalo makala nyingi za kusifia teknolojia hii hulipita haraka. Hewa ukaa ni jivu. Ni kaboni ambayo imekwisha kuungua, nguvu yake imekwisha kutoka. Anayetaka kuirudisha iwe mafuta lazima airudishie nguvu ile ile na ziada. Bakteria hawezi kukwepa sheria hiyo, hata awe amebadilishwa chembe za urithi namna gani. Nguvu hiyo itoke juani, kama Simbi. Au itoke kwenye umeme, kwa kupasua maji kupata hidrojeni ambayo bakteria wataila pamoja na hewa ukaa. Au iwe ile iliyobaki ndani ya taka zenyewe, ambazo bado hazijaungua. Njia ni hizo tatu, na gharama zake hazifanani hata kidogo.

Chukua njia ya umeme. Kuna bakteria aitwaye Clostridium autoethanogenum, aliyetambuliwa na watafiti wa Ubelgiji mwaka 1994 kutoka kwenye kinyesi cha sungura. Anakula gesi na kutoa ethanoli. Kampuni ya LanzaTech, iliyoanzia New Zealand mwaka 2005, ilimfanya mfanyakazi wa kiwandani, na mwaka 2018 mtambo wa kwanza wa kibiashara ukaanza kazi Caofeidian, China, ukitumia moshi wa kiwanda cha chuma. Habari hiyo husimuliwa kama ushahidi kwamba hewa chafu inageuka kuwa mafuta. Ni kweli, ila moshi wa chuma una kaboni monoksaidi nyingi, na hiyo ni gesi ambayo bado inaungua. Ina nguvu ndani. Hewa ukaa tupu haina.

Ukitaka kumlisha bakteria wa namna hiyo hewa ukaa tupu, kila kilo moja ya ethanoli itahitaji karibu robo kilo ya hidrojeni. Kuzalisha kilo moja ya hidrojeni kwa kupasua maji hula takribani yuniti 50 za umeme. Kwa hiyo lita moja ya ethanoli itakula yuniti 10 hivi, nayo ukiichoma itakurudishia chini ya yuniti 6 za joto. Na hapo hatujahesabu pampu, kupoza tangi wala kutenganisha ethanoli na maji.

Migori ina kipimo chake cha jambo hili. Kwenye mto Kuja, huko Gogo, kuna mtambo wa umeme wa maji wa megawati 2 uliojengwa enzi za ukoloni kuuhudumia mgodi wa Macalder, Nyatike. Tuseme umeme wake wote, saa 24, unapelekwa kwenye kazi hii: utatoa chini ya lita 5,000 za ethanoli kwa siku. Sasa chukua kiwanda cha sukari kinachosaga tani 3,000 za miwa kwa siku. Molasi huwa kama asilimia 4 ya uzito wa miwa, kwa hiyo zitapatikana tani 120. Tani moja ya molasi, ikichachushwa na chachu ya kawaida kabisa, hutoa lita 250 hivi. Hizo ni lita 30,000 kwa siku, bila kuzima taa ya mtu yeyote Nyatike. Mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti kwa ajili ya Awendo au Ndhiwa angepaswa kuifanya hesabu hii kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua mtambo gani unastahili kusimama na upi ubaki maabara.

Sisemi utafiti wa hidrojeni hauna maana. Nchini Finland kampuni ya Solar Foods ilifungua mwaka 2024 kiwanda kinachotengeneza unga wa protini kutokana na bakteria wanaokula hidrojeni na hewa ukaa, na Kenya, yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, unaoachwa upotee usiku mahitaji ya umeme yanaposhuka, inaweza siku moja kuwa mahali pazuri pa kazi kama hiyo. Lakini pahali hapo ni Naivasha. Magharibi mwa Kenya umeme unakatika mara kwa mara, na bakteria ndani ya tangi hawavumilii kukatiwa chakula na kipoza joto kwa saa kadhaa.

Tukirudi kwenye molasi, kuna jambo zuri zaidi. Chachu inapogeuza sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hutoka kama ethanoli na karibu nusu nyingine hutoka kama hewa ukaa. Si ile ya angani, iliyotawanyika kiasi cha chembe mia nne na kitu katika kila milioni. Ni hewa ukaa karibu safi, inayobubujika juu ya tangi, tayari kukingwa. Lita zetu 30,000 za ethanoli zinakuja na zaidi ya tani 22 za hewa hiyo kila siku. Wakati huohuo kampuni ya Carbacid huichimba hewa ukaa kutoka ardhini huko Kereita, kaunti ya Kiambu, na kuviuzia viwanda vya soda. Nchi ambayo imeifanya gesi hii bidhaa kwa zaidi ya nusu karne haina haja ya kufundishwa kwamba ina thamani.

Basi tuipe mwani? Hapa ndipo Simbi inapokuwa mwalimu. Kilo moja ya mwani mkavu hujengwa kwa takribani kilo 1.8 za hewa ukaa. Tani 22, zikitumika zote bila kupotea, zingezaa tani 12 na zaidi za mwani kila siku. Ila bwawa la wazi la spirulina, likitunzwa vizuri, hutoa kama gramu 10 kwa siku katika kila mita ya mraba. Piga hesabu utaona unahitaji zaidi ya hekta 120 za mabwawa. Simbi nzima ni karibu hekta 30. Kiwanda kimoja cha ukubwa wa kati kingetaka maziwa manne ya Simbi ili mwani unywe hewa yake, na usiku mwani hauli, na sehemu ya gesi ingetoroka kabla ya kuyeyuka. Katika kaunti ambazo ekari ya shamba hugawanywa kati ya ndugu hadi inabaki kishoroba, hakuna atakayetoa hekta 120.

Hesabu hiyo haiui wazo, inalipa ukubwa wake. Hekta moja ya mabwawa yanayopewa hewa ukaa ya kiwanda ingetoa kilo 100 za mwani mkavu kwa siku, na kilo 100 za kirutubisho chenye asilimia 60 ya protini si kitu kidogo kwa mfugaji wa samaki. Hapo tasnifu ina kazi ya kweli: aina gani ya spirulina inavumilia maji ya Homa Bay, magadi yapatikane wapi kwa bei gani, wakaushe vipi msimu wa mvua ndefu. Tena aina za kienyeji ziko hapohapo Simbi, zimezoea jua hili na magadi haya kwa karne nyingi.

Tahadhari mbili lakini. Mwaka 2005 timu ya watafiti wa Ujerumani na Kenya ilichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba katika maziwa ya kreta ya Sonachi na Simbi kuna sumu zinazotengenezwa na jamii ya bakteria wa kijani-buluu. Si kila kijani cha Simbi ni chakula. Mtu akichota maji na kuyaanika auze kama dawa ya nguvu, anacheza na maini ya watu. Aina inayofugwa lazima itengwe, isafishwe, ipimwe sumu kila shehena. Na kama mwani umekuzwa kwa maji ya taka, basi ni wa samaki na kuku. Mezani pa binadamu haufai.

Tahadhari ya pili ni ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua vijiumbe kutoka maziwa ya magadi ya Kenya. Vimeng'enya vilivyotokana na vijiumbe vya Bogoria viliishia kwenye viwanda vya ng'ambo vya kulainisha jinzi na kutengeneza sabuni, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza hadharani kudai fungu la Kenya. Mwaka 2006 zikatungwa kanuni za kitaifa za kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida, na mwaka 2007 kampuni ya vimeng'enya ya Novozymes ikatia saini mkataba na KWS. Mwanafunzi wa uzamivu anayechukua chupa ya maji ya Simbi leo, awe wa Chuo Kikuu cha Maseno au wa ng'ambo, anagusa mali ya watu wa Karachuonyo, wenyeji wa ziwa hilo. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinampa ruhusa ya kufanya utafiti. Makubaliano na wenye ziwa ni jambo lingine, na yanapaswa kuandikwa kabla ya chupa kujazwa.

Sasa nije kwenye taka ambazo naziona kuwa ndizo zenye ahadi ya karibu zaidi, nazo ni za samaki. Mtu aliyewahi kusimama Mbita asubuhi mvua inaponyesha anajua hasara ya omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ilivyo. Omena huanikwa chini, juu ya nyavu au nyasi. Jua likiwaka, jioni amekauka, ana rangi ya fedha, mchuuzi anamfunga gunia. Mawingu yakitanda siku mbili, anabadilika rangi, anaanza kunuka, na mama aliyemnunua kwa mkopo anamuuza kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili huishia kwenye vyakula vya mifugo hata msimu wa jua. Kisha kati ya Aprili na Julai uvuvi wake hufungwa ili wazaliane, na bei ya chakula cha samaki inapanda. Ndani ya ziwa hilohilo ufugaji wa tilapia kwenye vizimba umekua kwa kasi. Victory Farms huko Roo, Suba, ni mfano mkubwa unaojulikana. Zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji wa samaki ni chakula. Kwa maneno mengine tunamnyang'anya mtoto wa kisiwa cha Rusinga omena ili tumlishe samaki atakayeuzwa Nairobi.

Kando ya mizani hiyo kuna matumbo, magamba na mapezi. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kwenda ng'ambo, umepata wateja wake muda mrefu na hukaangwa na kuliwa. Matumbo mengi hayana mteja. Hutupwa ufukweni, au ziwani, ambako huongeza rutuba ileile inayolisha gugu maji.

Hapa ndipo nzi askari mweusi anapoingia. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Jike hutaga mayai katika nyufa za vipande vya mbao vilivyowekwa juu ya kitu kinachonuka. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache, na mabuu wadogo wanawekwa kwenye kreti la taka mbichi. Siku za kwanza huoni kitu. Halafu kreti lote linaanza kutikisika, lina joto ukiliwekea mkono, uvundo unapungua, na baada ya kama wiki mbili kilichobaki ni chenga nyeusi kavu zinazofaa kuwa mbolea, na mabuu wanene wenye kama asilimia 40 ya protini wakikaushwa. Nzi mzima hatui kwenye chakula cha watu wala haenezi magonjwa kama nzi wa nyumbani. Joto la kandokando ya ziwa linamfaa; hahitaji mtambo wa kumpasha joto. Na mwaka 2007 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mabuu waliolishwa matumbo ya samaki hujijengea mafuta ya omega-3, ambayo ndiyo yanayokosekana kwenye mabuu wa samadi tu na ndiyo samaki wanayoyahitaji.

Eneo hili lina historia yake katika elimu ya wadudu. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina kampasi yake Mbita, na kampasi hiyo leo ina jina lake. Katika kaunti jirani ya Siaya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo cha umahiri cha matumizi ya wadudu kama chakula na malisho, INSEFOODS, kilichosaidiwa na Benki ya Dunia, na kimefundisha wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi kadhaa. Shirika la Viwango la Kenya lilitoa viwango vya wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, mapema kuliko nchi nyingi. Hapa sheria ipo, wadudu wapo, walimu wapo, soko liko mita mia mbili kutoka ufukweni. Ni mara chache sana sayansi na soko kukaa karibu hivyo.

Kinachokosekana ni kazi ngumu isiyovutia majarida. Matumbo ya samaki ni mengi alfajiri na hayapo mchana. Yanaoza kwa saa chache. Yana maji mengi na mabuu huzama wakiachiwa hayo peke yake. Yachanganywe na nini? Makapi ya miwa yapo Ndhiwa, pumba zipo Oyugis, lakini nani anayaleta na kwa gari gani? Tasnifu yenye sura moja tu ya usafirishaji, iliyoandikwa kwa kupima mizigo kwenye fuo kumi kwa mwaka mzima, pamoja na miezi ambayo omena hawavuliwi, ingewasaidia wafugaji kuliko tasnifu tano za kuchambua asidi amino.

Gugu maji ningelipita upesi, ingawa ndilo linalopigiwa kelele zaidi. Mwaka 1998 lilifunika takribani hekta 17,000 katika upande wa Kenya. Kisha likapungua, kwa fukusi walioletwa kulila na kwa hali ya hewa ya El Niño, kisha likarudi, na tangu hapo linakuja na kuondoka. Upepo unalisukuma leo Homa Bay, kesho Kendu Bay. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo tani moja unayoivuta ufukweni haifiki hata kilo 100 za kitu kikavu. Linatoa bayogesi, jambo hilo limeonyeshwa Dunga, Kisumu, na linafaa kwa jikoni za jirani na fuo. Kujenga kiwanda chenye mkopo wa benki juu ya zao linalohama kwa upepo ni hatari kubwa. Liwe kiongezo kwenye tangi la samadi.

Lakini kuna swali la gugu maji ambalo mtafiti wa Migori hawezi kulikwepa. Kuja na mto Migori hupita kwenye maeneo ya uchimbaji wa dhahabu, Macalder na Osiri, ambako zebaki hutumika kunasia dhahabu, na maji hayo huingia ziwani Nyatike. Gugu maji lina tabia ya kufyonza metali nzito. Ndiyo maana kwingineko hutumika kusafisha maji machafu. Mabuu wa nzi askari nao hujikusanyia kadimi mwilini kutoka kwenye chakula chao. Ukiunganisha mambo hayo bila vipimo unaweza kujenga njia nzuri kabisa ya kutoa sumu mgodini na kuifikisha kwenye sahani. Mwaka 2023 Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Maabara ya kupima metali karibu na Nyatike ni sehemu ya kiwanda cha wadudu sawasawa na kreti zenyewe.

Makapi ya miwa, yaani bagasi, ni habari nyingine. Kwa kila tani 3,000 za miwa kuna tani 900 za makapi yenye unyevu, na viwanda huyachoma kupata mvuke. Kampuni ya sukari ya Mumias, mwaka 2009, ilianza kuzalisha megawati 35 na kuuza ziada kwenye gridi. Miaka kumi baadaye kampuni yenyewe ikawa chini ya mrasimu, na mtambo haukuiokoa. Wapo wanaopendekeza makapi yageuzwe gesi na kulishwa bakteria kama wale wa Caofeidian. Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika Vero Beach, Florida, na INEOS Bio, iliyotangaza kuanza uzalishaji mwaka 2013 kwa taka za bustani. Sianidi kidogo ndani ya gesi iliwadhoofisha bakteria, na mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba inauza mtambo. Ukitaka kujua kwa nini maabara na kiwanda havifanani, soma habari za Vero Beach: kilichowashinda si biolojia waliyoijua bali uchafu ambao chupa za gesi safi za maabara hazikuwa nao.

Hilo linanirudisha kwenye uzamivu wenyewe. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inamtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe angalau makala mbili katika majarida yanayohakikiwa. Ni kanuni nzuri dhidi ya shahada za bandia, ila inasukuma kila mtu kuelekea jaribio fupi, safi, linaloweza kurudiwa ndani ya chupa ya lita mbili. Tangi la lita elfu mbili lililowekwa Ndhiwa litaziba, litakosa umeme, litaliwa na vijidudu vingine, na mwisho wa mwaka litakuwa limetoa grafu mbaya na maarifa yasiyopatikana kwingine. Nani atalipia tangi hilo? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka, na Hazina haijawahi kulifikia lengo hilo. Wanafunzi wengi hulipia kemikali kwa mishahara yao ya ualimu. Watu hao ndio tunaowaambia watuokoe na mabadiliko ya tabianchi.

Napendekeza jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya. Kaunti zinajenga maeneo ya pamoja ya viwanda kwa fedha zilizochangiwa na serikali kuu. Sehemu moja ya eneo hilo iwe na matangi ya ukubwa wa kati yanayomilikiwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Rongo, Chuo Kikuu cha Tom Mboya, icipe na kaunti mbili, na mwanafunzi wa uzamivu apewe nafasi kwa sharti kwamba ataendesha kazi yake kwa msimu mzima wa taka halisi, sio taka iliyoigizwa kwa sukari ya dukani. Sura ya matatizo ya uendeshaji ihesabiwe na wasimamizi kuwa sura kamili ya tasnifu. Hapo mwekezaji na mkulima watakuwa na kitu cha kusoma.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka miradi ya hewa ukaa isiyotegemea ardhi iipe jamii asilimia 25 ya mapato yake, na ile ya ardhi asilimia 40. Mwenye mabwawa ya mwani kandokando ya kiwanda atasema mradi wake si wa ardhi. Wenye mashamba yaliyozungushiwa mabwawa hayo wanaweza kuona vingine, na afadhali wanasheria wa kaunti waanze kulijibu swali hilo sasa.

Na lipo lingine kama hilo, la karibu zaidi. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, kiwanda cha SONY cha Awendo kikiwa kimojawapo. Mkulima wa Migori kwa miaka mingi amelipwa kwa uzito wa miwa anayopeleka getini. Molasi, makapi, na hewa inayobubujika juu ya tangi la chachu havijawahi kuonekana kwenye risiti yake. Tasnifu ikishaonyesha kwamba vitu hivyo vina bei, bei hiyo itaingia kwenye mkataba wa mtu. Vyama vya wakulima wa Awendo na Ndhiwa vinapaswa kuwa vimeusoma mkataba wa ukodishaji, hasa kipengele cha mazao yanayobaki, kabla ya tangi la kwanza kujazwa.